Kidole Kidogo cha Mkono wa Kushoto

4 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Habari za huko, na masikio je? Jumapili nilikupigia simu nikapayuka mpaka mume wangu akatoka bafuni na povu kichwani akidhani nyumba inaungua, na wewe muda wote ukawa unanijibu habari za mvua. Basi narudi kwenye karatasi, ambako angalau tunasikilizana.

Huku tuko salama. Wajukuu zako wananipita kimo, mume wangu yuko zamu ya asubuhi kule ghalani, na mimi niko kwenye karakana ile ile ya meno bandia nyuma ya kliniki, chumba chenye dirisha moja. Kazi haikauki. Watu wanapenda sukari, namshukuru Mungu.

Sasa usicheke. Ninajifunza gitaa. Huu ni mwezi wa nane; nilikuficha nikitaka siku moja nikushtue. Nimelining'iniza nyuma ya mlango wa karakana, maana nyumbani nikilishika tu, huyu anataka soksi, yule anataka chumvi. Lakini kazini, nikishamimina plasta kwenye kalibu ya taya la mtu, siwezi kuigusa mpaka igande, na inaganda kwa robo saa. Hiyo robo saa ndiyo shule yangu. Nafunga mlango, nakaa kwenye stuli, napiga.

Mwanzoni nilikuwa napaa. Kila wiki kitu kipya. Halafu nikagota. Tangu Novemba sijasogea hata unywele. Ni ile kodi ya F, mshiko wa vidole wa kutoa sauti kadhaa kwa pamoja, ile unayolaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita na vingine vitatu vinajipanga mbele yake. Nikitoka C kwenda F, vyote vinafika isipokuwa kidole kidogo. Kinabaki hewani, kinatetemeka, halafu kinaangukia uzi usio wake. Nimejaribu polepole, nimejaribu haraka, nimejaribu kwa hasira.

Nilitaka kuishia hapo, nikuombe mbinu basi. Lakini barua hii nimeshaichana mara mbili, kwa hiyo wacha niseme. Ni mkono wa kushoto. Mwezi wa tano natimiza arobaini na tatu. Baba alianza kuugua akiwa na umri huo huo. Mimi nakumbuka mwisho wake tu, pale alipokuwa analishwa kwa kijiko. Mwanzo siujui. Wewe ulikuwa unakaa chumba cha uani kwetu, ulimwona kila siku. Alianzaje? Ni kidole kidogo?

Mume wangu hajui kama nakuandikia haya.

Mwanao,
Fundi Meno


15 Februari

Mwanangu Fundi Meno,

Marahaba, tena marahaba ya nguvu. Masikio ni yale yale. Ukisimama miaka thelathini kando ya spika, spika inachukua chake. Mguu unauma asubuhi, ukipata chai unanyamaza. Salamu kwa mkwe wangu, mwambie aoshe povu.

Gitaa! Nimesoma mstari ule mara tatu. Nimecheka, nisamehe, lakini ni kicheko cha mzee aliyefurahi.

Sikiliza. Hapo ulipogota ndipo tulipogota wote. Mimi niligota miezi mitano, nikiwa na miaka kumi na tisa, tena sina watoto wala plasta. Kiongozi wa bendi alinigeuza nitazame ukuta, akasema, "Wewe leo kodi mbili tu, mpaka tufunge." Nilimchukia sana.

Robo saa yako inatosha, ila unaitumia vibaya. Najua unavyofanya hata kama sikuoni: unaanza wimbo mwanzo, unafika kwenye F, unajikwaa, unarudi mwanzo. Kwa hiyo unafanya mazoezi ya kile unachokijua, na kile usichokijua unakigusa mara nne kwa siku. Acha wimbo. Chukua C na F, basi. Dakika mbili za kwanza usipige hata mlio: weka vidole, viguse nyuzi bila kubonyeza, viinue, viweke tena. Halafu tazama saa, dakika moja, hesabu umebadilisha mara ngapi, andika kwenye daftari. Pumzika. Rudia. Na hiki ndicho cha maana kuliko vyote: kidole kidogo kitue kwanza. Usikisubiri kije nyuma ya wenzake kama mtoto aliyechelewa shule. Kianze chenyewe, vingine vikifuate.

Siku moja kwa wiki usiguse gitaa kabisa.

Nyumbani kwangu hakuna jipya. Bati la jikoni lilivuja, limezibwa. Niandikie namba zako.

Baba yako mdogo


2 Machi

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nafurahi mguu unanyamazishwa na chai. Sisi wazima kwa kuonekana.

Namba hizi hapa. Kumi na moja. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na nne. Kumi na nne. Halafu Alhamisi: tisa. Nilirudia, nikapata nane. Nikarudisha gitaa mlangoni, nikakaa nikitazama plasta inavyoganda.

Siku ile ile nilivunja kazi. Mteja ni mwalimu mkuu mstaafu, mama mpole sana, anasubiri meno ya juu. Nilikuwa nayashika kwa mkono wa kushoto huku wa kulia unasaga, yakaniponyoka. Miaka kumi na sita sijawahi kuangusha kazi ya mtu. Yalipasuka katikati. Nilimwambia mashine ina hitilafu. Nimedanganya, Baba Mdogo, na yule mama akanipa pole.

Sasa kila asubuhi nikiingia bafuni najifungia. Nanyoosha mikono yote miwili mbele ya kioo, nahesabu hadi sitini, natazama ni upi unaoshuka kwanza. Nabana karatasi katikati ya vidole, naivuta kwa mkono mwingine. Wa kulia unaikamata. Wa kushoto unaiachia. Na kidole kidogo na jirani yake vinakuwa kama vina sisimizi ndani, hasa jioni. Mume wangu juzi aligonga mlango akauliza kama nina tumbo. Nikasema ndiyo.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Umeniandikia kuhusu F ukurasa mzima, na bati la jikoni, na mguu. Swali langu hukuligusa. Wewe si mtu wa kusahau swali.

Nijibu. Hata kama ni baya, nijibu.

Mwanao


12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Leo sina utani.

Ilianza kwenye kibanda chake cha kunyolea, siku ya Jumamosi, watu wamejaa. Baba yako alikuwa anamkata nywele mtu, mkasi kulia, kitana kushoto. Kitana kikaanguka. Akakiokota, kikaanguka tena. Akasema, "Kitana hiki kimelewa." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa kwenye benchi la kusubiria na sikucheka, kwa sababu wiki ile nilikuwa nimemwona akifunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, amenipa mgongo ili nisione.

Hakikuwa kidole kidogo. Kilikuwa dole gumba na cha shahada. Nyama ya katikati yao ikabonyea, ukitazama unaona kishimo. Na hakikumuuma, wala hakusikia ganzi. Haya mambo ya sisimizi unayoniambia, kaka hakuwahi kuwa nayo. Mkono wake ulilala tu, kimya, kama mtu anayezima taa chumba baada ya chumba. Soma sentensi hiyo ya sisimizi mara mbili, uitie moyoni.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie habari za bati. Mimi nilijua miezi saba kabla ya mama yako, kabla ya daktari. Sikumwambia mtu. Nilimwona anashuka kila wiki, na kila nilipomtazama mkono nilitazama na wangu, kwa sababu damu ni moja. Bendi ikapata kazi ya hoteli mji wa mbali. Nilifungasha ndani ya siku mbili. Kaka alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanipa mkono wa kulia, nami nikajifanya sioni kwa nini ule mwingine uko mfukoni. Sikurudi mpaka mazishi.

Ndiyo hivyo. Umeniuliza, nimekujibu.

Nenda kwa daktari, mwanangu. Usingoje. Namba tisa baada ya kumi na nne ni uchovu, kila mwanafunzi anaipata, lakini mimi siwezi kupima mkono kwa barua.

Baba yako mdogo


20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata jibu, na wiki sasa ni tano. Nilikwenda posta mara mbili, yule binti wa dirishani ananionea huruma, akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Kama umenikasirikia, una haki. Kasirika kwa barua basi. Andika hata mstari mmoja: umekwenda au hujakwenda.

Baba yako mdogo


9 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Nilikasirika. Miezi saba! Mama alidhani Baba amekuwa mvivu. Alimgombeza kwa kuvunja vikombe. Ungesema neno moja, asingemgombeza. Niliandika barua ya kurasa nne ya kukuambia hivyo, ipo kwenye droo ya karakana chini ya nta, na huko itabaki.

Kisha nikagundua kwamba mimi mwenyewe nina miezi sita ya kujua na sijamwambia mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Nikapoa.

Daktari nilimwendea. Nilipata nafasi tarehe tatu Aprili. Nilikaa kwenye korido, viti vya plastiki vya bluu, mbele yangu watu wanne. Wakaingia watatu. Alipobaki mmoja nikaona mzee anatolewa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mikono ameiweka mapajani kama vitu alivyobebeshwa. Nilisimama, nikamwambia nesi nakwenda chooni, nikatoka hadi nje hadi nyumbani. Kwa miguu. Sikukumbuka hata kwamba yapo magari.

Sijarudi. Badala yake nimeweka ahadi. Gitaa ndilo litakaloniambia. Nikifikisha mabadiliko thelathini kwa dakika kabla Juni haijaisha, mkono ni mzima. Nisipofikisha, ni ugonjwa wa Baba. Nipo kumi na tisa. Ile ya kidole kidogo kitue kwanza imenisaidia kweli, mara nyingine F inalia yote, nyuzi sita, safi, na ninapata furaha ya sekunde moja kisha naogopa tena. Siumalizi wimbo wowote. Plasta ikishamiminwa mikono inanitoka jasho kama mtu anayeingia mahakamani. Namba ikipanda nalala. Ikishuka silali.

Wiki iliyopita mume wangu alilikuta daftari. Kurasa na kurasa za namba, bila neno. Akaniuliza, "Hizi ni siku ulizonivumilia?" Nikataka kucheka, nikalia. Nikamwambia yote. Alisimama akaosha vyombo, akamaliza, akavishusha tena vilivyokauka akaviosha upya.

Tarehe sita nilitimiza arobaini na tatu. Waliniletea keki. Niliikata kwa mkono wa kulia.

Mwanao


17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hongera ya kuzaliwa, na asante kwa barua iliyoko kwenye droo.

Gitaa si daktari. Nakuambia hivi nikiwa mtu wa mwisho mwenye haki ya kukuambia, kwa sababu mimi nimefanya ujinga huo huo kwa miaka ishirini na saba. Kila asubuhi, kabla ya chai, nachukua gitaa napiga kipande kimoja, kigumu, cha haraka, nilichokitunga zamani kwa ajili ya kujionyesha. Watu wa mtaa husema, "Mzee huyu anapenda muziki, kiziwi lakini hakosi siku." Hawajui kwamba sipigi kwa kupenda. Najikagua. Nikikimaliza bila kosa, najipa ruhusa ya kuishi siku hiyo. Masikio yalipokufa nikaendelea kwa kutazama vidole. Kipande chenyewe kilikuwa kizuri, sasa nakichukia kama dawa chungu.

Namba thelathini haitakuambia kitu. Ukifikisha utasema labda arobaini. Najua, nimepita huko.

Nina wazo. Siwezi kukuambia nenda peke yako tena, na mimi sijawahi kwenda hata mara moja. Tuchague siku. Jumatatu ya tarehe kumi na moja Juni, saa tatu asubuhi, wewe hospitali ya kwako, mimi ya kwangu. Ukikaa kwenye kiti cha bluu ujue na mimi nimekaa kwenye changu. Ukitaka kusimama, kumbuka kuna mzee mahali fulani anataka kusimama pia, na amekaa.

Mkono wangu mzima, usiniwazie. Kipande bado kinatoka.

Mpeleke mume wako akukalie mlangoni.

Baba yako mdogo


16 Juni

Baba Mdogo!

Shikamoo, shikamoo! Mkono hauna ugonjwa wa Baba! Nimeanza na hilo, salamu zitafuata.

Tulikwenda. Mume wangu aliomba ruhusa kazini, akakaa kiti cha pembeni akiwa amenishika kiwiko, kwa hiyo hata ningetaka kukimbia ningekimbia naye. Nilikufikiria saa tatu kamili. Daktari ni mwanamke, kijana, ana sauti ya chini. Alinikunja mkono, akanikunjua, akagonga kwa kidole hapa ndani ya kiwiko, na sisimizi wakaruka mpaka kwenye kidole kidogo. Nilipiga kelele. Akauliza, "Unafanya kazi gani?" Nikamweleza. Akasema, "Nionyeshe unavyokaa." Nikakaa mbele ya meza yake nikajifanya nasaga jino, mkono wa kushoto umeshika kazi, kiwiko kimekita kwenye ukingo wa meza. Akanitazama, akamtazama mume wangu. "Miaka mingapi?" Kumi na sita, nikasema.

Kuna mshipa wa fahamu unapita pale nyuma ya kiwiko, karibu kabisa na ngozi. Nimeukalia miaka kumi na sita, na hii miezi ya gitaa nikauongezea mkunjo mwingine. Walinichoma visindano vya kupima umeme wa misuli, vinauma, sitakudanganya, na majibu yakatoka Ijumaa: mshipa umebanwa kiwikoni. Misuli mingine yote inaitika vizuri. Nilimfanya arudie mara tatu. Mara ya tatu akaniandikia kwenye karatasi.

Dawa yake ni kuweka sponji chini ya kiwiko, kushusha stuli, kulala mkono umenyooka, na wiki mbili bila gitaa. Mshipa utachukua miezi kupona, lakini utapona.

Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi za hospitali, mume wangu akanunua machungwa, nikala matano mfululizo.

Nilimpigia yule mwalimu mkuu nikamwambia ukweli kuhusu meno yake. Akasema alijua, mashine haziombi msamaha kwa macho mekundu namna ile.

Na unajua nilikuwa nimefikisha ngapi? Ishirini na nne. Kwa hesabu zangu nilikuwa nimeshakufa.

Sasa wewe. Umeambiwa nini? Niandikie leo leo.

Mwanao


30 Julai

Baba Mdogo,

Shikamoo. Ni wiki ya sita. Nilisema labda posta. Kisha nikasema labda mguu. Nimekupigia simu, inaita mpaka inakatika. Najua huisikii, lakini nilikuwa naona ukiishika tu mkononi ikitetemeka utajua ni mimi.

Gitaa nimelirudia. Siku ya kwanza baada ya mapumziko, stuli imeshushwa, kiwiko kiko huru, nikashika C, nikaenda F, kidole kidogo kikatua kabla sijakikumbuka. Nilidhani nimebahatisha. Nikarudia, kikatua. Nimepiga wimbo mzima robo saa ile, mwanzo hadi mwisho, na plasta ikaganda kupita kiasi nikalazimika kuivunja kwa nyundo. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, na sikupata raha ya kukwambia, kwa sababu hunijibu.

Mwezi Februari ulinificha jambo kwa kuniandikia habari za bati. Sasa hata bati huniandikii. Naogopa kuliko nilivyoogopa juu ya mkono wangu.

Tafadhali.

Mwanao


8 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe.

Sikwenda.

Nilivaa shati jeupe, nikafika hadi geti la hospitali saa tatu kasoro. Niliona benchi kupitia geti, na nafasi moja tupu mwishoni mwake. Nikanunua gazeti. Nikalisoma lote nimesimama, hata matangazo ya vifo. Saa tano nikarudi nyumbani. Na wewe wakati huo ulikuwa umekaa ukiamini kwamba na mimi nimekaa.

Barua yako ilipofika nilicheza hapa ndani peke yangu, mzee wa miaka sitini na mitano, bila muziki. Nilifurahi mpaka nikaumwa kifua. Halafu jioni hofu ikaja mara mbili ya ile ya kwanza. Nilikuwa nimezoea kwamba tupo wawili. Ulipovuka, nikabaki upande huu.

Nilikudanganya pia. Kipande hakitoki. Hakitoki tangu Januari. Kuna mahali dole gumba linatakiwa kuinuka na haliinuki. Mkono wa kushoto, kati ya dole gumba na shahada, kuna kishimo. Nimekijua kishimo kile kabla hata barua yako ya Februari haijafika, ndiyo maana nilikuandikia F ukurasa mzima. Ulikuwa unaniuliza kwa sauti kile nilichokuwa najiuliza kimya, na nilidhani nisipokijibu kitaondoka.

Hakuna ganzi. Hakuna sisimizi. Ningelipa chochote nisikie sisimizi.

Hongera kwa F. Kweli kabisa. Wimbo gani?

Usihangaike na mimi. Nimekuambia tu kwa sababu uliniomba nisikufiche.

Baba yako mdogo


13 Agosti

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Usijibu barua hii, maana nitafika kabla jibu halijatoka kwako. Nimechukua siku tano kazini. Basi langu linaingia Jumapili saa tisa alasiri. Jumatatu saa tatu asubuhi tutakuwa kwenye lile benchi, wewe mwisho, mimi kwenye njia, ili ukitaka kutoka upite juu yangu. Mimi ni mzito siku hizi.

Mume wangu na binti zetu wamekubali. Mdogo ameuliza, "Babu anaumwa?" Nikamwambia sijui, ndiyo maana naenda.

Usifikiri nakuja kwa hasira, na usifikiri nakuja kwa wema. Naogopa kukaa huku nikisubiri posta.

Fua lile shati jeupe.

Mwanao


4 Septemba

Mwanangu,

Hujambo, na mkwe wangu, na wajukuu? Mimi, salamu yangu leo ni ndefu kidogo, kaa chini.

Majibu yalitoka jana. Nilikwenda peke yangu kuyachukua, kama nilivyokuahidi pale stendi, na sikununua gazeti. Daktari ni yule yule tuliyekaa naye Jumatatu ile, aliyenyoa kipara. Aliandika badala ya kusema, kwa ajili ya masikio yangu, kwa hiyo ninayo kwa mwandiko wake. Ni ugonjwa wa kaka. Umeanza, uko mkono wa kushoto, na wa kulia una dalili kidogo. Nilimwandikia chini yake: muda gani? Akaandika kwamba kwangu unatembea polepole, kwamba wengine wa umri wangu hukaa miaka mingi, kwamba hawezi kuahidi. Kisha akaandika: una mtu? Nikaandika: ninaye.

Naogopa, mwanangu. Nilidhani nikijua nitaanguka palepale. Nimerudi kwa miguu, nimepika, nimekula, sahani nimeosha. Hofu ipo, imekaa hapa mezani na mimi, lakini angalau siifukuzi tena kutoka chumba hadi chumba. Asubuhi ya leo sikupiga kile kipande. Niliamka, nikatengeneza chai, nikainywa ikiwa moto. Mara ya kwanza tangu ukiwa msichana.

Baada ya chai nililichukua gitaa. Nilipiga nyimbo za bendi, zile za polepole, zinazokubali dole gumba lisiinuke sana. Nikagundua jambo. Nyimbo kama arobaini zile hakuna mtu aliyewahi kuziandika. Wenzangu wamekufa au wamepotea. Zipo kwenye mikono yangu tu, na daktari ameshaniambia mikono inakwenda wapi. Nyingi zina kodi tatu nne. Unaziweza. F imo karibu zote.

Ulisema unaweza kupata Jumamosi moja kila mwezi. Njoo. Mimi nitashika, wewe utazame vidole vyangu uviige, halafu uandike kwenye lile daftari, chini ya namba zako. Tukipata wimbo mmoja kwa Jumamosi, tutakuwa tumefanya kazi kubwa. Na siku nitakaposhindwa kushika, nitakukalia mbele, nitakutazama mkono, na nitajua kama umekosea. Sihitaji masikio kwa hilo.

Njoo na basi la mapema kama unaweza. Asubuhi mkono bado una nguvu.

Baba yako mdogo